Mali ya Abdulla: Urithi wa Jina katika Biashara ya Leso, toka Mombasa hadi Huruma

Makala haya yanakusudia kuchunguza swali moja: nyumba ya biashara ya nguo inapotoka mikononi mwa baba na kuingia mikononi mwa mwana, kisha mikononi mwa mjukuu, ni kitu gani hasa kinachorithiwa? Swali laonekana jepesi. Mtu atajibu upesi kwamba kinachorithiwa ni duka, bidhaa na fedha. Lakini katika biashara ya leso jibu hilo halitoshi, kwani duka laweza kuhamishwa, bidhaa hupitwa na wakati kwa muda wa miezi michache, na fedha hugawanyika kwa warithi hata zikabaki vipande. Rai yetu ni kwamba kilichorithiwa hasa ni maneno, yaani kirai kimoja cha Kiswahili chenye nomino, a-unganifu na jina la mtu.

Kirai chenyewe ni Mali ya Abdulla. Wasomaji wa jarida hili bila shaka wamekiona mara nyingi, kimepigwa chapa kwa herufi ndogo ukingoni mwa leso, kikitanguliwa na herufi K.H.E. Ni alama ya nyumba ya Kaderdina Hajee Essak ya Mtaa wa Biashara, Mombasa, inayohesabu umri wake tangu mwaka 1887. Tutaifuata alama hiyo toka Mombasa mpaka Huruma, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi unaopakana na Mathare na Kariobangi. Sababu ya kwenda huko ni mbili. Kwanza, leso hufanya sehemu kubwa ya kazi yake bara, miongoni mwa wanawake ambao Kiswahili si lugha yao ya kwanza. Pili, Huruma ni mtaa wa mafundi cherehani wengi, na humo biashara ya nguo hupewa jina kwa sarufi nyingine kabisa. Tukizilinganisha sarufi hizo mbili twaweza kuona kwa nini nyumba moja hurithika na nyingine haina budi kuanzishwa upya kila mara.

Yafaa tueleze tangu mwanzo kwamba tutatumia neno leso, kama wasemavyo watu wa Mombasa na Nairobi, ingawa Unguja na Bara ya Tanzania husema kanga. Maneno yote mawili yana historia. Leso limetoka katika Kireno, nalo lilikuwa jina la vitambaa vya mkononi vilivyouzwa vikiwa vimeungana katika jora. Wanawake wa pwani, katika miongo ya katikati ya karne ya 19, walianza kununua vipande sita na kuvishona vitatu kwa vitatu hata vikawa nguo moja pana. Kanga, kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, ni yule ndege mwenye madoadoa, aliyefananishwa na michoro ya zamani. Wanaouliza ni lipi kati ya maneno haya lililo sahihi wanapoteza wakati wao.

Nguo na wakati wake

Kabla ya leso palikuwa na merikani, nguo nyeupe ya pamba iliyoletwa na wafanyabiashara wa Salem, Marekani. Na palikuwa na kaniki, ile iliyotiwa rangi ya nili. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, viliipunguza sana merikani, nazo nguo za Uingereza na Bombay zikashika nafasi yake. Jeremy Prestholdt, katika kitabu chake cha mwaka 2008, ameonyesha kwa ushahidi mwingi kwamba wanunuzi wa Afrika Mashariki hawakuwa wapokeaji tu: walichagua, walikataa, na viwanda vya mbali vililazimika kubadili rangi, upana na uzito wa nguo ili kuwaridhisha. Naye MacKenzie Moon Ryan, aliyepekua kumbukumbu za viwanda vya Uholanzi, ameonyesha kuwa kufikia mwaka 1876 viwanda hivyo vilikuwa vikipiga chapa nguo za namna ya leso kwa ajili ya soko letu.

Jambo hili lina uzito katika hoja yetu. Mfanyabiashara wa leso hakuwa mfumaji wala mpiga chapa. Alikuwa mtu wa katikati: alisikiliza wanawake wa mjini wanapenda nini, akapeleka mchoro na maneno ng'ambo, akasubiri meli, akauza, akaanza tena. Mchoro uliokawia ulifika ukiwa umekwisha kuchukiwa. Historia ya mavazi ya Unguja baada ya kukomeshwa utumwa mwaka 1897, iliyoandikwa na Laura Fair, imejaa habari za wanawake waliokuwa wamevishwa kaniki zamani na sasa wakataka leso mpya kwa kila sikukuu, kwani leso ilimtangaza aliyeivaa kuwa muungwana. Biashara ya namna hii haikuruhusu mtu kurithi bidhaa za baba yake. Mwana aliyerithi ghala lililojaa leso za mwaka jana alirithi hasara.

Herufi tatu na kirai kimoja

Nyumba ya Kaderdina inasema ilianzishwa mwaka 1887, na mwaka huo una maana yake. Tarehe 24 Mei 1887 Sultani Barghash wa Unguja aliwapa Waingereza wa chama cha William Mackinnon mamlaka ya kusimamia pwani ya bara. Kwa hiyo umri wa nyumba hii ni sawa na umri wa utawala wa Kiingereza Mombasa. Masimulizi yaliyoenea, na ambayo yameandikwa pia katika vitabu vidogo vya kuwaelezea wageni matumizi ya kanga, ni kwamba Kaderdina Hajee Essak alijulikana zaidi na wateja wake kwa jina la Abdulla. Kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 alianza kuzitia leso zake alama ili zisichanganywe na za wengine. Na kwamba kisha akazoea kuongeza methali au msemo, kwanza kwa hati za Kiarabu na baadaye kwa hati za Kirumi.

Tuitazame alama hiyo kama wanaisimu. Ina sehemu mbili, na kila sehemu ina msomaji wake. K.H.E. ni nasaba iliyofupishwa: Kaderdina ni jina la mtu, na Hajee Essak, kwa desturi ya majina ya wafanyabiashara Waislamu wa asili ya Kihindi, ni jina la baba. Herufi hizo ziliwafaa watu wa forodha, benki na mahakama. Sehemu ya pili, Mali ya Abdulla, ni ya mnunuzi. Haina jina la baba, haina cheo, na imeandikwa kwa Kiswahili ambacho mtoto wa madrasa angeweza kukisoma. Kwa hiyo ukingo mmoja wa nguo ulibeba mfumo wa majina wa jamii mbili, wala hakuna aliyehitaji kutafsiriwa.

Tena, neno mali lina maana zaidi ya moja. Kuna mali kwa maana ya kitu anachomiliki mtu, na kuna mali kwa maana ya bidhaa. Mchuuzi wa Nairobi anaposema "hii ni mali safi" hazungumzii umilikaji hata kidogo, anasifu ubora. A-unganifu nao una tabia hiyo hiyo ya kubeba mengi. Twasema kofia ya Juma kwa maana ya kumiliki, lakini embe za Malindi na nguo ya Uhindi kwa maana ya asili. Mali ya Abdulla kwa hiyo yaweza kusomwa "kitu anachomiliki Abdulla" au "bidhaa itokayo kwa Abdulla." Mwanamke aliyekwisha kulipa fedha zake na kujifunga leso iliyoandikwa kwamba ni mali ya Abdulla hakuona mgongano wowote, na mumewe, ambaye huenda jina lake ni Otieno au Kamau, hajapata kupeleka mashtaka.

Utata huo ndio uliowafaa warithi. Abdulla alipokuwa hai maana zote mbili zilikuwa kweli. Alipofariki, maana ya kwanza ilikoma, kwa kuwa maiti hamiliki kitu; ya pili ikabaki na kushika nguvu. Waliokuja nyuma yake wangeweza kutia majina yao ukingoni. Hawakufanya hivyo. Walijificha nyuma ya jina la mzee, na kwa kujificha huko wakapata uhuru wa kubadili kila kitu kingine.

Na hakika mengi yalibadilika katika biashara hiyo nzima. Viwanda vya Ulaya vilipata washindani wa Kijapani na wa Kihindi. Tangu miaka ya 1950 upigaji chapa ulianza kuhamia Afrika Mashariki yenyewe. Dar es Salaam kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, na katika miaka ya 1970 Kenya ilipata Rivatex huko Eldoret. Kisha, katika miaka ya 1990, milango ya Kenya ilipofunguliwa kwa bidhaa za nje, mitumba na vitambaa vya bei nafuu viliangusha viwanda vingi. Rivatex yenyewe ilifungwa, ikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007. Leso nyingi zikarudi kupigwa chapa Bara Hindi, hasa Jetpur katika Gujarat. Mtu akizipanga leso za miaka mia moja mezani atakuta pamba ya nchi mbalimbali, rangi za kemia mbalimbali, hati mbili, na michoro isiyohesabika. Kilichodumu ni kirai.

Sheria ilisaidia. Fedha na nyumba za Mwislamu hugawanywa kwa mafungu yaliyowekwa, mwana wa kiume akipata mafungu mawili na binti fungu moja, mjane akipata thumuni ikiwa kuna watoto. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyopitishwa mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1981, ilitaka kuweka kanuni moja kwa wote, lakini mwaka 1990 ilirekebishwa ili urithi wa Waislamu ufuate sheria yao. Alama ya biashara haikatwi mafungu kama shamba. Kinachoweza kugawanywa ni hisa za kampuni inayoimiliki, alama yenyewe ikabaki nzima. Huu, kwa maoni yetu, ndio uvumbuzi mkubwa wa nyumba za namna hii kuliko mchoro wowote: kutenganisha jina na mwili wa mwenye jina.

Kwamba jina ni mali inayoweza kunyang'anywa lilidhihirika katika mwaka 2006, kampuni moja ya Uingereza ilipoomba isajiliwe neno kikoi, kwa tahajia ya Kiingereza, kama alama yake huko kwao. Wakenya waliweka pingamizi, na ombi likaachwa. Kisa hicho ni kinyume cha chetu. Huko neno la watu wote lilitaka kufanywa la mtu mmoja. Huku jina la mtu mmoja limekuwa kama la watu wote, kiasi kwamba mnunuzi huomba Mali ya Abdulla kama aombavyo aina ya mchele.

Leso bara

Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi mwaka 1899, na leso ilipanda nayo. Wanawake wa vijiji vya Waislamu vya Nairobi ya mwanzo, na baadaye wa Pumwani, ndio waliokuwa wavaaji wake wa kwanza mjini. Toka Pumwani hadi Huruma si mbali kwa miguu, lakini kwa historia ni mbali. Huruma ni mtaa wa baada ya uhuru. Viwanja vyake vilitolewa ili watu wa kipato kidogo wajenge polepole. Badala yake vikaota majumba ya kupangisha ya ghorofa nyingi, chumba kwa kila jamaa, kama alivyoeleza Marie Huchzermeyer katika utafiti wake wa mwaka 2011. Jina la mtaa ni neno la Kiswahili lenye asili ya Kiarabu. Wakazi wake ni Wakikuyu, Waluo, Waluhya, Wakamba na wengineo, na vijana wao husema Sheng.

Katika hali hiyo leso ndiyo maandishi ya Kiswahili sanifu, au yanayokaribia usanifu, yanayoingia katika kila chumba bila kupitia shule. Hubebea mtoto mgongoni, hufungwa kiunoni jikoni, hutolewa zawadi katika chama cha akina mama, hufunika mkeka wa matanga. Ajabu kubwa zaidi ni ruracio. Katika sherehe za posa za Wakikuyu wa leo bwana arusi huletewa wanawake kadhaa waliofunikwa leso toka kichwani, naye sharti amtambue mchumba wake bila kumwona uso. Desturi inayohesabiwa kuwa ya Kikuyu tupu hutimizwa kwa nguo ya pwani, yenye methali ya Kiswahili, na ukingoni imeandikwa kwamba aliyemo ndani ni mali ya Abdulla. Saida Yahya-Othman, mwaka 1997, na Rose Marie Beck, mwaka 2001, wameeleza kwa undani jinsi wanawake wa pwani wanavyosemezana kwa majina ya leso, yaani kwa ile misemo. Huko pwani neno jina ndilo hasa litumikalo kwa msemo huo. Huruma msemo haulengi jirani sana kama ulengavyo Mombasa. Mara nyingi mnunuzi huchagua rangi kwanza. Lakini akimpa mama mkwe, atasoma. Hakuna anayethubutu kumpelekea mama mkwe leso ambayo hakuisoma.

"Mali ya" na "kwa"

Tuingie sasa katika vibanda vya mafundi. Katika ghorofa za chini za Huruma, na kandokando ya njia zake, utakuta cherehani, mara nyingi moja au mbili, na mwenye kibanda akishona sare za shule, akipunguza mitumba iliyotoka Gikomba, au akigeuza leso kuwa gauni. Kibanda hicho kinaitwaje? Wateja husema "kwa Mama Njeri." Tazama tofauti. Mali ya huunganisha kitu na chanzo chake, na kitu chaweza kusafiri. Kwa huunganisha mahali na mtu aliye hai, ni neno la makazi: mtu akiondoka, mahali hapana jina. Si kwamba kwa haiwezi kuganda. Mukuru kwa Njenga na Mukuru kwa Reuben ni mitaa mikubwa ya Nairobi. Humo kwa imedumu, lakini imedumu kama jina la ardhi wala si la biashara, na wakazi hawamwazii mtu mwenye jina.

Tusije tukadhani kwamba sarufi ndiyo inayoua biashara. Nyumba ya Mombasa ilikuwa na mtaji, mikopo ya jamaa, na duka lisilohamishwa na askari wa jiji. Fundi wa Huruma hana hati ya kibanda. Tarehe 29 Aprili 2016 jumba la ghorofa liliporomoka hapo hapo Huruma na kuua watu wapatao 50. Tarehe 28 Juni 2018 moto wa Gikomba, soko ambalo mafundi wengi wa Eastlands hulitegemea kwa vitambaa na mitumba, uliua watu 15 na kuteketeza mali nyingi. Wataalamu wa uchumi, wakiwemo Dorothy McCormick na Mary Njeri Kinyanjui, wamekwisha kuonyesha kwa muda mrefu ugumu wa washonaji wadogo wa Nairobi kukua. Tunachosema ni kwamba jina huakisi hali hiyo: mahali pasipo na uhakika wa kesho, biashara huitwa kwa mtu, kwa kuwa mtu ndiye pekee anayeweza kuhama na kuanza tena upande wa pili wa barabara.

Je, basi hakuna urithi Huruma? Upo, ila haupiti panapotazamwa na wanasheria. Hupita katika mkono: binti anayekaa chini ya meza ya kukatia akiokota vipande, kisha akifundishwa kukunja pindo, kisha akiachiwa vifungo. Hupita katika cherehani yenyewe, ambayo ni chuma na hudumu. Hupita katika daftari la vipimo, ambamo wateja wameandikwa Mama Fulani na Mama Fulani, kifua, kiuno na urefu. Mwenye daftari hilo ana kitu kinachofanana na alama ya K.H.E., maana mteja hurudi pale ambapo mwili wake unajulikana.

Na kuna jambo katika jina lenyewe. "Kwa Mama Njeri" haimtaji mwenye kibanda kamwe; humtaja mwanawe. Abdulla aliwaachia wanawe jina lake. Fundi wa Huruma, tangu siku alipojifungua, amefanya kazi chini ya jina la mrithi. Njeri akiketi mbele ya cherehani wateja hupunguza neno moja tu, wakasema "kwa Njeri," na wengi hawatambui kwamba biashara imepita kizazi. Kisha Njeri naye huzaa, na jina huhama. Kwa desturi ya Wakikuyu binti wa kwanza huitwa jina la mama wa mume, na wa pili huitwa jina la mama mzazi wa mke. Ikiwa Njeri atajulikana kwa binti huyo wa pili, wateja watarudi kukitaja kibanda kwa jina la yule bibi aliyekianzisha, ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kuitwa akiwa hapo kazini.